Jipsamu ndani ya karo: kisa cha saiti moja ya Mikocheni

Malalamiko yalianza kwa jirani. Masika yalikuwa yamekolea, na mama mwenye nyumba inayopakana na uzio wa nyuma alimfuata fomeni getini asubuhi. Kijana akatoa shikamoo, mama akaitikia marahaba ya harakaharaka, kisha akasema lililomleta: "Karo lenu limepasuka. Wajukuu wangu hawalali."

Fomeni alishangaa kweli. Jengo ni la ofisi, ghorofa nne, na karo linalotumika liko upande wa mbele. La nyuma lilishanyonywa miaka kadhaa iliyopita, likaachwa kavu na mfuniko wake wa zege juu. Fundi bomba aliitwa, akamwaga maji ya rangi vyooni, akafungua chemba moja baada ya nyingine. Mabomba yote mazima. Harufu ya mayai viza ikaendelea, hasa alfajiri upepo ukiwa umetulia. Mlinzi akashauri wamwage asidi ya kusafishia vyoo "ikaue harufu", na nashukuru hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu nitakayoieleza hapo chini. Ndipo mwenye jengo akaniita.

Kilichonipa jibu hakikuwa pua. Hatua chache kutoka karo la zamani kuna kichemba cha ethi, yaani cha kupeleka umeme ardhini, unapoingilia waya wa shaba unaoshuka kutoka kwenye kinga ya radi. Waya huo ulikuwa umebadilishwa Januari, na picha za fundi umeme zinauonyesha ukiwa mwekundu na unang'aa. Mwezi wa nne niliukuta mweusi tii. Nilipoukwaruza kwa kisu, shaba nyekundu ikajitokeza chini ya utando mwembamba kama masizi. Mvua peke yake haigeuzi shaba kuwa hivyo ndani ya miezi mitatu. Haidrojeni salfaidi inaweza, na ndiyo gesi hiyohiyo yenye harufu ya mayai viza.

"Humu ndani mmetupa nini?" nikamuuliza fomeni.

"Taka za jipsamu tu, Injinia. Hazina shida, si ni chokaa ile?"

Si chokaa. Bodi ya jipsamu ni jasi iliyobanwa katikati ya karatasi mbili, na jasi ni kalsiamu salfeti iliyoshikamana na maji. Chokaa ikilowa huufanya udongo na maji kuwa na ubesi mkali, kinyume cha asidi, hali ambayo vijidudu wengi hawaipendi. Jasi haifanyi hivyo. Inayeyuka kidogokidogo, kama gramu 2 hadi 2.5 kwa lita moja ya maji, na kinachoyeyuka ni salfeti. Palipo na salfeti, maji, uchafu unaooza na hewa isiyofika, wapo bakteria wanaoitumia salfeti kama sisi tunavyotumia oksijeni. Wanakula uchafu, wanaivuta salfeti, wanatoa haidrojeni salfaidi. Joto la Dar es Salaam linawafaa kabisa.

Fomeni alikuwa na haki kwenye jambo moja. Jipsamu kavu, peke yake, ikikaa stoo mwaka mzima haimdhuru mtu zaidi ya vumbi lake. Kwenye karo lile haikuwa peke yake wala haikuwa kavu. Vibarua walikuwa wakila mchana kwenye kivuli cha ukuta wa nyuma, na mabaki ya wali, maganda ya ndizi na maboksi ya chipsi yalitupwa mumo humo. Viroba vya vumbi la mbao navyo viliingia. Karatasi za bodi zenyewe ni chakula cha bakteria. Mfuniko ukarudishwa, udongo ukamwagwa juu, maua yakapandwa. Ilikuwa Februari. Machi mvua zikaanza, na maji yakaingia kupitia ufa wa ukuta wa karo.

Kwa hesabu ya kemia, tani 1 ya jasi safi, salfa yake yote ikigeuzwa, inaweza kutoa karibu kilo 200 za gesi hiyo. Yote haigeuki kamwe, lakini hata sehemu yake ndogo sana inatosha. Gesi hii huanza kunuka ikiwa hewani kwa kiwango cha sehemu chache tu katika bilioni. Vifaa vingi vya kupimia hupiga kelele kwenye sehemu 10 katika milioni. Ikifika kama 100, pua inaacha kuisikia, na hapo ndipo mtu anapodhani imeisha. Ikizidi 500 inaangusha, na kwenye 1,000 pumzi chache zinatosha kuua. Tena ni nzito kuliko hewa, inatuama mashimoni.

Nayataja haya kwa sababu siku ya pili tulikaribia kumpoteza mtu. Mkandarasi, akitaka kumaliza ubishi, alimwambia kibarua mmoja afunue mfuniko na ashuke "aangalie maji yamefika wapi". Kijana alishavua shati na kufunga kitambaa cha maji puani. Kitambaa hakizuii gesi, hata kikiwa na maji. Kifaa changu kilianza kulia mfuniko ukiwa umeinuliwa upande mmoja tu. Nikawaambia wote warudi nyuma, upande unakotoka upepo, na mkandarasi akanitazama kama mtu anayekuza mambo. Kila anayejenga Dar anajua habari ya mafundi waliofia kwenye karo, wa kwanza akianguka na wa pili akimfuata kumwokoa, ila wengi wanaamini hilo hutokea kwenye karo la kinyesi tu. Hili halikuwa na kinyesi hata kidogo.

Na ile asidi ya mlinzi? Sehemu ya gesi huwa imeyeyuka ndani ya maji. Asidi ikimwagwa, hufukuzwa kutoka kwenye maji na kupanda juu yote kwa mpigo. Sisi tulifanya kinyume chake. Tulimimina chokaa ya maji kupitia bomba refu ili kupandisha ubesi na kuishikilia gesi humo majini, tukaacha mfuniko wazi na utepe wa hatari kuzunguka eneo, kisha gari la kunyonya likachukua maji, wahudumu wake wakiwa wameelezwa wanachonyonya. Mvua ilipopumzika, kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kikachimba na kutoa kila kitu. Kilichotoka kilikuwa uji wa kijivu na vipande vya karatasi vilivyobadilika rangi kuwa vyeusi. Hakuna mwanadamu aliyeshuka.

Hiyo ndiyo sehemu ya kisa iliyowashtua watu. Iliyonishughulisha zaidi ni swali la namna tani 2 hivi za bodi zilivyofika karoni, wakati saiti ilikuwa na mkandarasi, fomeni, mshauri na BOQ, yaani orodha ya kazi na bei zake, iliyopigwa mihuri.

Kazi yenyewe ilikuwa ukarabati. Mpangaji wa zamani alihama, mpya akataka ukumbi wazi, kwa hiyo dari na vyumba vya jipsamu vya ghorofa mbili vikabomolewa na vingine vichache kujengwa. Dari zilikuwa kama mita za mraba 900 za bodi ya milimita 9, ambayo huwa na kilo 6 hadi 7 kwa mita. Kuta za kugawa vyumba zilikuwa mita 400, bodi pande zote mbili, za milimita 12, kilo 9 hivi kwa mita. Ukijumlisha unapata tani 13 za bodi ya kubomolewa, mbali na vipande vya bodi mpya, kwani fundi akikata mashimo ya taa na kona hupoteza kama kumi kwa mia au zaidi. Kwenye BOQ, mzigo wote huo ulikuwa mstari mmoja: "Kuondoa taka na kusafisha saiti", jumla, bei moja.

Nadhani ugonjwa uko kwenye mstari huo. Fundi jipsamu alilipwa kwa mita anayofunga. Waliobomoa walilipwa kwa siku. Dereva wa tipa alilipwa kwa tripu. Kwa mkandarasi, kila tripu isiyokwenda ilikuwa faida yake, maana bei ya kuondoa taka ilishakatwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kuiweka jipsamu kando na kuifunika isinyeshewe. Karo tupu hatua ishirini kutoka mlangoni lilikuwa jibu la busara kabisa kwa mtu anayelipwa namna hiyo. Nimesikia watu wakisema tatizo ni elimu kwa vibarua. Fremu za bati zilizoshikilia bodi hizohizo zilichambuliwa, zikapangwa, zikafungwa mafungu na kuuzwa kwa wa vyuma chakavu siku ileile zilipobomolewa, na hakuna aliyeendesha semina.

Karo lilimeza tani 2. Zilizobaki tulizitafuta.

Tripu mbili za tipa zilikuwa zimeondoka saitini mapema, kabla ya mvua. Dereva hakuzificha. Dar kifusi kina soko, hasa kwa wanaojaza viwanja vya bondeni, naye alikuwa amemuuzia mtu anayeinua kiwanja ajenge. Mzigo ulikuwa matofali yaliyovunjika, zege, vigae na mabamba ya jipsamu, vyote vimechanganyika. Mwenye kiwanja aliuona mweupe, msafi, akaupenda. Tulipomfikia alikuwa anajiandaa kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu.

Hapa pana hatari ambayo mafundi wengi hawajaisikia, nayo haihusiani na harufu. Salfeti inayoyeyuka kutoka kwenye kifusi chenye jasi hupanda na unyevu hadi kwenye zege na matofali ya saruji, ikakutana na sehemu ya aluminiamu iliyomo kwenye saruji, na pamoja na maji wanatengeneza fuwele zinazovimba. Jamvi linainuka katikati, linapasuka, ukuta wa ndani unasukumwa. Uingereza ya kaskazini ziko nyumba nyingi ambazo sakafu zake zilivimba baada ya kujazwa chini yake mabaki ya migodi ya makaa yenye salfeti, na madhara yalijitokeza miaka mingi baada ya wajenzi kuondoka. Bondeni kwetu, ambako maji ya ardhini yako karibu, mtu angeanza kuona nyufa na kumlaumu fundi kwa ratio ya saruji na mchanga.

Inashangaza wengi, kwa kuwa saruji yenyewe ina jasi ndani yake, asilimia 3 hadi 5, ya kuchelewesha kuganda. Hiyo imesagwa kwa kipimo na inaishia kwenye mmenyuko wa mwanzo, zege likiwa bado laini. Inayokuja baadaye, zege likiwa limeshakuwa gumu, haina pa kwenda ila kupasua. Mwenye kiwanja alielewa upesi kuliko mkandarasi. Kijiko kilikwenda, tabaka lote la juu lilitolewa, na gharama hiyo mkandarasi aliilipa akinung'unika.

Zikabaki kama tani 6, zimerundikwa ukumbi wa chini, kavu kwa bahati tu kwa kuwa tipa haikuwa imerudi. Juu yake vilikuwepo vipande safi vya bodi mpya, kama tani 1. Mwenye jengo akauliza swali ambalo ndilo watu wengi huanza nalo: sasa hizi tunazipeleka wapi?

Kwa wenzetu jibu lilitokana na kukatazwa. Eneo la Metro Vancouver, Kanada, liliipiga marufuku jipsamu kwenye madampo mwaka 1984 kwa sababu ya gesi hiihii, na biashara ya kuirejeleza ikazaliwa hapohapo. Ulaya, uamuzi wa mwaka 2003 ulisema jipsamu haizikwi pamoja na taka zinazooza, na Uingereza ikaubana zaidi mwaka 2009 kwa kuondoa nafasi ya kuichanganya hata kidogo. Massachusetts ilikataza bodi safi kutupwa mwaka 2011. Kiwandani huko bodi inapondwa, karatasi inachekechwa kando, na unga wa jasi, ambao ni sehemu kubwa sana ya uzito wa bodi, unarudi kutengeneza bodi mpya.

Sisi tuna Pugu Kinyamwezi, dampo ambako kila kitu hukutana na kila kitu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaziweka taka ngumu mikononi mwa serikali za mitaa, lakini sehemu ya jipsamu peke yake pale dampo haipo. Uji uliotoka karoni ulikwenda huko, kwani hakukuwa na namna nyingine. Kupeleka zile kavu ningeona ni kuhamishia karo Pugu.

Nikaanza na saruji. Kiwanda cha Wazo Hill kiko kilomita zisizofika 20 kutoka Mikocheni, wakati jasi ya nchi hii huchimbwa mbali: Makanya, wilaya ya Same, takriban kilomita 400 kwa barabara, Itigi, Singida, na Kilwa upande wa kusini. Kwenye ramani ni jambo lililo wazi. Kwenye karatasi za manunuzi si hivyo. Kiwanda kinachotoa tani milioni moja za saruji kwa mwaka kinahitaji jasi tani 30,000 hadi 50,000, na hakiwezi kusimamisha mizani, maabara na foleni ya malori kwa ajili ya tani 6 zenye karatasi, skrubu na rangi. Ubora hautoshi kuifungua milango hiyo. Anahitajika mtu wa katikati: yadi yenye paa, mashine ya kuponda na chekeche, inayokusanya kutoka saiti nyingi mpaka mzigo ufikie kiasi cha kuongelea. Jiji linalofunga dari za jipsamu kila mtaa lina malighafi hiyo. Sijaona aliyeijaribu kwa ukubwa huo, na nadhani ni biashara iliyolala.

Wenye karakana za mikanda na maua ya dari walikuwa na hamu kwanza. Wao hutumia unga uliochomwa, unaochanganywa na maji ukaganda. Kinadharia bodi inaweza kurudi kuwa unga huo: jasi ina maji karibu asilimia 21 kwa uzito, ukiipasha kwenye nyuzi 150 hadi 180 hivi inaachia robo tatu yake, nao ndio unga wa plasta. Ugumu uko kwenye moto. Kwa mkaa na sufuria la bati huwezi kuushika moto hapo, chini unaungua na juu haujaiva, na ulioungua sana ukitiwa maji unakaa tu kama mchanga. Kijana mmoja alichukua kiroba akajaribu, ua likatoka na mabaka yasiyoganda. Akarudisha viroba vilivyobaki kwa heshima zake.

Shamba likawa jibu la sehemu. Jasi husaidia udongo wenye magadi, kalsiamu yake ikichukua nafasi ya sodiamu na kuufanya udongo upitishe maji, na karanga huipenda wakati wa kujaza maganda. Haipunguzi tindikali ya udongo, kwa hiyo anayetafuta mbadala wa chokaa asidanganywe. Tukakubaliana vipande vya bodi mpya tu ndivyo viende, visivyo na rangi wala skimingi (ule uji wa kulainisha uso kabla ya rangi), na si zile bodi za kijani za bafuni ambazo zimetiwa dawa ya kuzuia maji. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na hicho si kitu cha kumwaga kwenye chakula. Mkulima mmoja anayemwagilia ardhi ya magadi alizichukua, akazipondaponda kwa mchi na kuchambua karatasi.

Bodi za kubomolewa zilizotoka nzima, kama theluthi hivi ya rundo, zilichukuliwa na mafundi wenyewe kwa dari za stoo na vibanda. Zilizokuwa vipande na rangi bado zimo kwenye viroba, juu ya vichaga, chini ya turubai, kwenye kona ya maegesho. Mwenye jengo hapendi kuziona. Nimemwambia kwamba zikiwa kavu hazina haraka yoyote.

Kwa awamu ya pili, ghorofa mbili za juu, mstari ule wa BOQ ulivunjwa. Sasa kuna bei ya kubomoa bodi kwa mita na kuitoa ikiwa nzima, bei ya kiroba cha jipsamu kavu kilichopimwa na kuhifadhiwa, na bei tofauti ya taka mchanganyiko kwa tripu, inayolipwa kwa risiti ya dampo. Mgao wa chakula ukahamishiwa mbele ya jengo. Wiki ya kwanza vibarua walileta viroba vilivyojazwa matofali katikati ili vipime zaidi, jambo lililonifurahisha kwa namna yake, maana lilionyesha kwamba jipsamu imeanza kuwa na bei. Fomeni akaanza kumwaga kiroba kimoja katika kila kumi mbele ya wote, mchezo ukaisha.

Lililobaki ni la pesa. Mkandarasi amewasilisha madai ya gari la kunyonya, chokaa, na vijiko viwili, cha karo na cha kule bondeni, akisema mkataba ulimtaka aondoe taka na haukusema wapi. Mwenye jengo anajibu kwamba karo lililoko ndani ya uzio wake mwenyewe haliwezi kuitwa "kuondoa". Madai yako mezani kwa mkadiriaji majenzi, na barua ya jirani imeambatishwa kama kielelezo.